Maiti ya Filimu

Mtatusamehe, habari yetu si ya mupira wala ya kwaya. Ni ya sinema, tena sinema mbaya.

Siku ya posho, nyuma ya kazi ya mikono, sisi watatu wa kalasi ya tano tuliingia nyumba ya video hapa Kilo. (Ruhusa? Hatukuuliza.) Tulilipa franga 500 kila mtu, tukakaa juu ya ubao pamoja na wachimba-zahabu wenye udongo mpaka magotini. Filimu ilikuwa ya Waitalia, ya Lucio Fulci, ya mwaka 1979. Kwao inaitwa Zombi 2, kwa Kifaransa L'Enfer des zombies. Mtauliza, ya kwanza iko wapi? Haiko! Filimu ya Mmarekani George Romero ya 1978 iliitwa Zombi kule Italia, ikaingiza feza nyingi, basi wenyewe wakabandika namba 2 juu ya filimu isiyokuwa hata ndugu yake. Mambo ya sokoni kabisa.

Na filimu yenyewe ni ya ovyo. Midomo inasema hivi, sauti inasema vile, kwa sababu Waitalia walizoea kutia sauti nyuma, picha zikiisha kupigwa. Maiti mmoja anapigana na papa chini ya bahari, papa wa kweli, na hakuna anayejua maiti alifuata nini huko. Mwingine ana funza ndani ya jicho. Halafu kipande cha ubao kinaingia jicho la mwanamke, pole, pole, pole... Wachimba-zahabu walijifunika uso, wakaangalia kati ya vidole. Sisi vilevile. Tena wataalamu wengi wanasema neno zombi lilitoka huku kwetu, ku luga za Wakongo, likabebwa na watumwa mpaka Haiti. Sasa limerudi Kilo ndani ya disiki!

Aliyecheka kupita wote ni rafiki yetu mmoja. Mwaka 2018 alikimbia usiku na mama yake kutoka kijiji kimoja cha Djugu, akiwa mtoto wa miaka kumi. Wengine wa nyumba yao hawakufika. Tuliogopa filimu itamuumiza. Kumbe! Alisema, "Angalieni ule. Anatembea polepole, hana panga, hana bunduki, na anapiga kelele mbele ya kufika. Hata tate anaweza kumukimbia." Watu wote wakacheka naye.

Ndipo mwenye video akatia disiki ya pili, Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya 1980, iliyopigwa katika pori la Kolombia. Tuliendelea kucheka, mpaka walipotoa kobe mkubwa mtoni, wakamkata. Rafiki yetu akasimama. "Ile si rangi," akasema, akatoka.

Alisema kweli. Ndani ya filimu ile nyama ziliuawa kweli. Hata Deodato alishitakiwa kwao kwamba ameua watu, ikamlazimu kuonyesha kwamba wachezaji wake ni wazima. Lakini kobe alikufa kweli.

Siku ya kwanza habari ilikwisha kufika kwa mwalimu wetu wa historia. Alitupa azabu ya kukata majani, na tulistahili. Halafu, tukiwa na jasho, akatuita ndani, akatueleza filimu iliyotangulia hizi, Africa Addio ya 1966, ya Jacopetti na Prosperi. Walipiga picha Zanzibar 1964, na hapa Kongo wakati wa vita ya mwaka uleule, watu wakiuawa mbele ya kamera. Jacopetti alishitakiwa kwamba waliuawa kwa ajili ya filimu, lakini baraza la Italia lilimwachilia. Wale watu hawakuamka kujipangusa rangi.

Rafiki yetu aliinua mkono.

"Mwalimu, majina yao yameandikwa pale mwishoni, kama ya wachezaji?"

Mwalimu hakujibu. Alishika kitambaa, akafuta ubao.