Kando ya Mteremko

Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro theluji tumeitazama kwa mbali tu, wala hatukujua kwamba wako watu ambao kazi yao ni kushindana kuteleza juu yake. Habari za Mikaela Shiffrin tulizipata kwa mwanafunzi mmoja chuoni, aliyetuonyesha kwenye simu picha ya dada ameketi kwenye theluji, kichwa kimeinama.

Dada huyu ni Mmarekani, mzaliwa wa Vail, Colorado. Alipata dhahabu ya slalomu katika Olimpiki ya Sochi 2014 akiwa na miaka 18. Slalomu ni mbio za kupindapinda kati ya nguzo nyembamba zilizosimikwa mteremkoni. Mshindani huteremka mara mbili, muda hujumlishwa, na ushindi huweza kuamuliwa na sehemu za mia za sekunde. Ukikosa lango moja, umetoka. Mchezo ule hauna toba!

Februari 2020 baba yake alifariki kwa ajali nyumbani. Aliacha mashindano, akarudi Novemba, na Desemba akashinda huko Courchevel, Ufaransa. Kisha ikaja Beijing 2022. Wengi walimtarajia arudi na medali kadhaa. Katika slalomu, mbio alizozimudu kuliko zote, alitoka baada ya sekunde chache tu, akaketi kando ya mteremko muda mrefu huku wenzake wakiteremka. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba angependa kumpigia baba yake simu.

Neno hilo lilitushika. Tulimzika baba yetu siku ya Jumamosi, na Jumapili iliyofuata tulikuwa mimbarini. Washarika walitusifu kwa imani yetu, nasi, tuseme kweli, tulizipenda sifa zile. Miezi saba baadaye, tukifundisha utaratibu wa ibada ya mazishi, tulipofika mahali pa kutupa udongo kaburini sauti ilikatika. Tukafunga kitabu, tukatoka, tukakaa kwenye ngazi za nyuma ya darasa. Walipotuuliza tukasema ni malaria. Haikuwa malaria.

Sisi Walutheri ndio tunaofundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, si kwa matendo, halafu mchungaji akifiwa tunamdai matendo, naye anajidai zaidi. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Habari hiyo tumeifundisha miaka mingi, na kila mara tumeuruka usingizi ule ili tufike upesi mlimani Horebu.

Shiffrin aliendelea. Machi 2023, huko Åre, Uswidi, alipata ushindi wa 87 wa Kombe la Dunia, akampita Ingemar Stenmark wa huko huko Uswidi. Novemba 2024 alianguka vibaya Killington na kuchomwa tumboni. Februari iliyofuata akafikisha ushindi wa 100. Mhubiri angependa kuanzia hapo, kwenye ile mia. Sisi kila tunapomkumbuka tunarudi kwenye ile picha.

Mwanafunzi yule naye alifiwa na baba. Zamu yake ya kuhubiri katika ibada ya asubuhi ilipokaribia tulimwandika mwingine. Alikasirika kidogo. Tulimkuta kwenye ngazi za nyuma ya darasa, tukakaa naye mpaka kengele ya chakula ikalia.