Fimbo ya Baba na Maji ya Thika

Mtu aliyevua kwa mshipi wa mkono kwa zaidi ya miaka arobaini haoni haja ya fimbo. Ndivyo alivyonijibu baba yangu nilipomtajia jambo hili mara ya kwanza, hapa kwetu Ruiru, miezi minne baada ya kumleta kutoka Kipini. Alikuwa amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kiasi cha kutoweza kufunga kifungo cha kanzu. Mtaalamu wa viungo aliyemhudumia alitueleza kwamba vidole vile vinahitaji kazi nyepesi inayorudiwa mara nyingi, akampa mpira mdogo wa kubinya. Baba akauweka mpira chini ya mto wake wa kulalia na hakuutoa tena. Alisema si kazi ya mtu mzima kubinya mpira.

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mkono ule ulizoea kazi iliyoleta kitu jikoni. Kwa hiyo nilianza kutafuta kazi ya namna hiyo katika mji usio na bahari.

Sisi watu wa pwani tukihamia bara hujiona tumeyaacha maji nyuma, na kumbe tumeyafuata yanakotoka. Mto Chania na mto Thika hushuka kutoka milima ya Aberdare, hutengeneza maporomoko mawili yaliyo karibu na hoteli ya Blue Posts mjini Thika, kisha huungana. Kutoka hapo maji huingia katika mto Tana, hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupita Garissa na Garsen, na humwagikia baharini Kipini. Mto Ruiru nao una safari yake: huingia Athi, ambao mbele huitwa Galana na baadaye Sabaki, na kumalizikia baharini kaskazini ya Malindi. Siku tuliyompeleka Baba kuyaona maporomoko ya Thika aliuliza swali moja tu, maji haya yanakwenda wapi. Nikamwambia, “Yanakwenda kwenu, Baba.” Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama yana kambare.

Kambare wapo, ila si kila maji yafaa kuvuliwa na si kila samaki afaa kuliwa. Mto Athi hupokea uchafu wa mto Nairobi, na athari yake huonekana wazi hadi kwenye povu la Fourteen Falls, kule upande wa Ol Donyo Sabuk. Samaki wa huko sisi hatuli. Hatari nyingine, na hii nawaambia akina mama wenzangu kwa msisitizo, ni machimbo ya mawe yaliyoachwa Juja, Ruiru na Ndarugo. Mvua ikinyesha hujaa maji na huonekana kama ziwa tulivu, lakini kingo zake ni ukuta wima na kina chake hakijulikani. Mtoto asipelekwe huko hata kwa dakika tano. Katika mito na mabwawa ya umma pia hutakiwa leseni ya uvuvi, nayo huulizwa katika ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla ya kununua chochote. Huko juu kabisa, kwenye maji baridi ya Chania na Gatamaiyu, wamo trauti, samaki ambaye Waingereza walimleta Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa ajili ya kujifurahisha. Huyo ni wa wenye gari imara na miguu yenye nguvu. Sisi tulichagua bwawa la mfugaji, nje kidogo ya mji wa Thika, ambapo mtu huvua perege na kambare na kulipia kwa kilo anachokichukua. Mabwawa ya namna hiyo yaliongezeka sana baada ya mwaka 2009, serikali ilipowasaidia wakulima wengi kuyachimba.

Hapo ndipo shughuli ya kutafuta fimbo ilipoanza. Kaka yangu alipinga. Alisema fedha za dawa hazitoshi, nasi tunamnunulia mzee mgonjwa vitu vya kuchezea. Sikumlaumu, maana yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya hospitali. Nilimwahidi kwamba sitazidisha bei ya vipindi viwili vya mazoezi ya viungo, na ahadi hiyo ndiyo iliyonilazimisha kujifunza kabla ya kununua.

Fimbo za madukani hutengenezwa hasa kwa faiba au kwa kaboni. Ya kaboni ni nyepesi na hufikisha mkononi mguso mdogo kabisa wa samaki, lakini ghali, na ikigongwa kwenye mlango wa gari hupata ufa usioonekana, kisha hukatika siku ya samaki mkubwa. Tena kaboni hupitisha umeme. Haifai kuinuliwa chini ya nyaya wala wakati wa radi. Ya faiba ni nzito kidogo na huvumilia watoto. Nilichukua ya faiba, ya vipande viwili, yenye urefu wa mita 1.8, kwa sababu fimbo ndefu hutupa mbali lakini humwelemea ashikaye kwa mkono mmoja, na bwawa letu si pana. Ilikuwa imeshatumiwa. Fimbo iliyotumiwa si aibu wala hasara, mradi zikaguliwe pete zinazopitisha mshipi. Chukua kipande cha pamba au soksi kuukuu ya nailoni, kipitishe ndani ya kila pete na kizungushe. Kikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utaukwangua mshipi hadi ukatike. Muuzaji alicheka aliponiona nikitoa soksi katika mkoba. Fimbo ya kwanza ilinasa pete mbili. Ya pili ilikuwa safi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile mbovu.

Rili, kile kibiringo cha kukunjia mshipi, ndiyo iliyonipa mawazo zaidi. Iko iliyofunikwa, yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, ambayo huwafaa watoto kwa kuwa mshipi wake hautatiziki ovyo. Baba aliigeuza akairudisha. “Siuamini mshipi nisiouona,” akasema. Iko nyingine ya wazi, inayoning’inia chini ya fimbo, na hiyo ina fadhila moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji: mkono wake wa kuzungushia hufunguliwa na kuhamishiwa upande wowote. Tukauhamishia kulia. Maana yake, mkono mzima wa kushoto hushika fimbo na kutupa, na ule dhaifu wa kulia hufungua waya uliopinda kabla ya kutupa, kisha huzungusha. Kazi nyepesi, na hurudiwa mara mia kwa asubuhi moja. Kitasa cha kuzungushia kilikuwa chembamba mno kwa vidole visivyofumbata, basi mwanangu akakizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli hadi kikanenepa kama limau. Kwa mtu mwenye mkono dhaifu, rili ndogo ndiyo bora. Rili kubwa huongeza uzito pasipo kuongeza samaki.

Katika mshipi Baba hakutaka kufundishwa. Alichagua wa nailoni wa kawaida, unaobeba kilo 3 hadi 4, akaukataa ule wa kusukwa, akisema kwamba ni mwembamba na mkali, utaukata mkono usiohisi vizuri. Alikuwa na haki. Jambo moja tulilomwongezea ni namna ya kuujaza: usijae hadi ukingoni, ubakizwe milimita 2 au 3, kwani ukizidi humwagika wote kwa pamoja na kufanya kiota, na ukipungua hautupiki mbali. Fundo ni lake la siku zote, na kabla ya kulikaza hulilowesha kwa mate, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika. Ndoana za perege ni ndogo, namba 8 hadi 10. Kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo. Tunapokwenda na watoto, kile kijino cha nyuma cha ndoana tunakibana kwa koleo ili ikimchoma mtu itoke bila kurarua.

Sasa vyambo bandia. Hivi ndivyo vinavyomvutia mnunuzi: visamaki vya plastiki vyenye macho, vijiko vinavyometameta, minyoo ya mpira ya rangi zote. Kwa maji yetu, naona ni fedha iliyopotea. Perege hula zaidi mwani na vitu vidogo vidogo, na hana pupa ya kukimbiza kijiko. Kambare huvamia kitu kinachopita, hilo kweli, lakini katika maji ya tope hutafuta kwa kunusa na kwa zile sharubu zake kuliko kwa macho. Vyambo bandia vina maana huko juu, kwa trauti, katika maji maangavu. Baba huponda uduvi tunaoletewa kutoka pwani, akaukanda na ugali wa jana mpaka ushikane, na watu wa bwawani ambao hawajapata kuusikia uduvi huja kuuliza ni dawa gani. Nilinunua chambo bandia kimoja tu, kijiko cha fedha, kwa kuwa binti yangu alikililia. Hajapata nacho samaki hata mmoja, ila hupenda kukisugua king’are.

Utunzaji ndio unaoamua kama fimbo itakaa mwaka au miaka kumi, nao hauna gharama. Tukirudi nyumbani, fimbo na rili hufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi na kukaushwa kivulini. Rili haizamishwi ndani ya beseni wala haipigwi kwa maji ya nguvu ya bomba, kwa sababu maji yenye mchanga husukumwa ndani ya meno yake. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani hutiwa mahali ambapo mshipi hupita kwenye waya, na jingine kwenye kitasa; mawili ni mengi, hukusanya vumbi, na vumbi jekundu la Thika mnalijua. Breki ya rili, yaani ile inayomruhusu samaki kuvuta kabla mshipi haujakatika, hulegezwa kila siku ya kurudi, maana vidonge vyake vikikaa vimebanwa huchapana na kushindwa kulegea vinapohitajika. Vipande viwili vya fimbo vikianza kushikana kwa nguvu, paka nta ya mshumaa kwenye kiungo. Kuvitenganisha ni kwa kuvuta sawasawa, si kwa kukamua kama nguo. Mshipi usiachwe juani wala nyuma ya kioo cha gari. Jua huula ingawa kwa macho unaonekana mpya. Vuta mita mbili za mwisho kati ya vidole kila unapoanza, na ukihisi mikwaruzo zikate. Vipande hivyo havitupwi bwawani, kwa kuwa ndege wa majini hunasa miguu yao humo. Ndoana hazirudishwi sandukuni zikiwa na unyevu, kwani moja yenye kutu huzifisidi nyenzake zote.

Kazi hizi zote Baba alizichukua kwetu moja baada ya moja. Kwanza kufuta, kisha kutia mafuta. Kufunga ndoana kulichelewa. Mwezi wa kwanza mwanangu alimfungia, naye Baba akimsahihisha kwa maneno, na nadhani ndipo walipofahamiana kweli, maana kabla ya hapo watoto walikuwa wakipita mbele yake kwa kunyata. Mwezi wa tatu alimwambia, “Nipe,” akalifunga mwenyewe. Lilimchukua muda mrefu hata perege wakala chambo cha jirani mara mbili. Hakuna aliyesema neno. Kifungo cha kanzu alikifunga wiki chache baadaye, na hilo tuliligundua tu kwa kuwa hakumwita mtu.

Sidai kwamba fimbo ndiyo iliyomponya. Dawa alikunywa, mazoezi aliendelea nayo, na mkono bado hauko kama ulivyokuwa. Baridi ya Julai ya huku humrudisha nyuma. Kaka yangu alikuja siku moja bwawani kuona fedha zilikokwenda, akakaa hadi adhuhuri, na aliporudi alibeba kilo mbili za perege ambazo Baba alizilipia kutoka mfukoni mwake.

Kina mama wengine huniuliza kama si ajabu kwa mwanamke kushika fimbo. Bibi zetu walitanda nguo majini wakivua dagaa na uduvi, tangu Tana hadi Unguja, na hakuna aliyewauliza. Nami nina zamu yangu, watoto wakichoka.

Sasa Baba anataka kurudi Kipini baada ya mfungo, na anataka kwenda na fimbo. Nimemweleza kwamba rili yake ni ya maji matamu, na chumvi itaitafuna ndani kwa ndani katika msimu mmoja. Amenijibu kwamba pale mto unapokutana na bahari maji ni ya pande zote mbili, na yeye atakaa upande wa mto. Simwamini kabisa. Nimemfungia chupa ya mafuta ya cherehani, soksi mbili kuukuu na kitambaa, na shangazi nimemwandikia karatasi: kila jioni rili ifutwe kwa maji ya kisima, breki ilegezwe, tone moja tu. Ukanda wa mpira kwenye kitasa tumeubadilisha pia. Huu mpya ni mwembamba kuliko ule wa kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba upunguzwe.