Je, Alizaliwa Nao?

Wazazi hutuletea watoto wenye baka jekundu au uvimbe laini wa shingoni, wakiomba kisomo. Kisomo twasoma, ila kwanza twauliza: je, alizaliwa nao? Swali hilo ni la matabibu. Mwaka 1982, Mulliken na Glowacki wa Boston walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Hemanjioma huchomoza wiki chache baada ya kuzaliwa, hukua upesi, kisha hunywea yenyewe kwa miaka. Kasoro ya mishipa huzaliwa na mtoto na kukua naye, wala haitoweki. Nyingine hujificha hadi utu uzima. Ikiwa ni ya vena, hujaa mtoto akilia au akiinama. Ya limfu huweza kuvimba ghafla apatapo mafua. Ultrasaundi, kipimo kisicho na maumivu, huonyesha mwendo wa damu ndani yake.

Mtoto mmoja alitufikia ana chale shingoni, damu haijakauka, babu yake akishikilia kuwa ni jipu. Mamake alikuwa kimya. Alikwisha kulaumiwa kwa alichokula akiwa mja mzito. Ndugu zetu, chakula hakihusiki. Na mtoto akianza kupumua au kumeza kwa taabu, kisomo kisomwe garini, mkielekea hospitali.