Chaneli Tano, Mbao Kumi na Mbili

Tulipokuwa mwaka wa pili, darasa letu la ushairi liligawanywa makundi mawili kujadili mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Nilisimama upande wa wanamabadiliko bila kusita. Nilisema vina na mizani ni pingu, na kwamba mshairi anayehesabu silabi kwa vidole hana nafasi ya kuwaza. Wenzangu walinipigia makofi. Likizo iliyofuata ilinitia mashaka, na mashaka hayo yalitoka kwenye muziki.

Nina kompyuta mpakato kuukuu niliyorithi kwa dada yangu. Programu za kisasa za kutengenezea muziki huigandisha kabla hata hazijafunguka. Ndiyo maana nilianza kutumia FamiTracker, programu ndogo ya bure inayoiga chipu ya sauti ya Famicom, mashine ya michezo ambayo Nintendo iliitoa huko Japani mwaka 1983. Muziki wa namna hii huitwa muziki wa chipu. Chipu hiyo ina chaneli 5 tu. Mbili ni za wimbi la mraba, zinazolia kama filimbi yenye mafua. Moja ni ya wimbi la pembetatu, ambayo haina hata namna ya kupunguza sauti: ama inalia, ama inanyamaza. Moja ni ya mvumo, inayofanya kazi ya ngoma, na ya mwisho hucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Kila chaneli hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ndani ya mipaka hiyo Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, na mchezo mzima, picha na muziki, ulienea katika kilobaiti 40.

Watunzi wa wakati ule walilazimika kuwa wajanja. Walipohitaji noti tatu kwa pamoja ilhali wana chaneli moja, walizipokezanisha haraka mno hadi sikio likadhani zinalia kwa mpigo mmoja. Nilipojifunza ujanja huo nilimkumbuka babu yangu.

Jjajja, kama tunavyomwita kwa Kiganda, ni mpigaji wa amadinda, marimba yenye mbao 12 zinazolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba. Hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza. Omwawuzi hukaa upande wa pili na kuchomeka noti zake katikati ya noti za mwenzake. Omukoonezi hugonga mbao mbili ndogo za mwisho tu. Hakuna hata mmoja kati yao anayepiga wimbo wenyewe. Wimbo huzaliwa masikioni mwa wasikilizaji. Jjajja ni omunazi. Wenzake wawili wamefariki, na tangu wa mwisho alipozikwa, mbao zilikaa ndani ya gunia chini ya kitanda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi nilikwenda kijijini na kompyuta yangu. Nilimwomba anifundishe wimbo mmoja, sehemu zote tatu, nikaziandika. Chaneli ya kwanza ya mraba nilimpa omunazi, ya pili omwawuzi, na pembetatu nikampa omukoonezi. Nilimchezea kwa majivuno. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, kwa nini watu wako wana mkono mmoja mmoja?"

Alikuwa sahihi. Omunazi na omwawuzi hushika vijiti viwili kila mmoja na kugonga mbao mbili kwa pamoja, sauti ileile, moja ya juu na moja ya chini. Nilihitaji chaneli nne kwa watu wawili, na omukoonezi bado hajapata yake. Usiku ule niliilaani ile chipu kama nilivyozilaani mizani darasani.

Jibu lilikuja asubuhi, nikiwa nachota maji. Omunazi na omwawuzi hawagongi kamwe kwa wakati mmoja. Huo ndio mpango wenyewe wa amadinda. Kwa hiyo chaneli moja inawatosha wote wawili! Nikaweka noti zao za juu zote katika mraba wa kwanza, za chini katika mraba wa pili, na pembetatu ikabaki kwa omukoonezi. Nimesikia amadinda tangu utotoni, lakini sikuwahi kuelewa ilivyojengwa hadi nilipokosa nafasi ya kuiweka. Ningekuwa na chaneli 100, ningezijaza tu na nisingeuliza kitu.

Jjajja alisikiliza tena. "Mikono imerudi," alisema, "lakini mbao si za kwetu." Amadinda haifuati mpangilio wa sauti za piano. Tulitoa gunia, tukakata migomba, na kwa siku mbili aligonga ubao mmoja mmoja huku nikisogeza kila noti kidogokidogo hadi akatikisa kichwa kukubali.

Sisemi kwamba uhaba ni neema. Kompyuta yangu ni mbovu kwa sababu sina pesa ya nyingine, na wenzake Jjajja hawakufa ili mimi nipate somo. Lakini tangu siku ile nikikutana na mstari wa mizani 16, nane kwa nane, siulizi tena unamzuia mshairi kusema nini. Nauliza umemlazimisha kugundua nini. Bado nayapenda mashairi huru, ila ile hoja ya pingu sitairudia.

Siku ya mwisho nilifuta noti zote za omunazi, nikaacha mapengo. Jjajja alikaa mbele ya mbao zake, akaniomba nipunguze mwendo, halafu nipunguze tena. Alikosa mara mbili kuingia. Mara ya tatu aliingia, na ule wimbo ambao hakuna anayeupiga ukasikika uani. Jirani alisimama kwenye ua akiwa na jembe begani.

Tulipomaliza, nilimuuliza anawaonaje wenzake wapya. Alifuta vijiti kwa shati lake.

"Hawakosei hata kidogo," alisema. "Wafundishe kunisubiri."