Katika Vilima vya Mchanga vya Namib

Jangwa la Namib, katika nchi ya Namibia, si uwanda mtupu kama wengi wadhanivyo. Huko Sossusvlei mchanga umelundikana ukawa milima myekundu; ule uitwao Big Daddy wapita mita 300. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyoshika chembe za mchanga.

Tulianza kupanda alfajiri, tukifuata ukingo wa juu, maana ubavuni mguu huzama na mchanga humrudisha mtu chini. Tulikuwa tumeonywa juu ya maji, nasi kwa ujinga wetu tukachukua chupa moja kwa watu wawili. Ilipofika saa tatu jua lilichoma vikali, na maji yalibaki kikombe kimoja. Kilele twakiona! Tukatazamana, tukageuka.

Tuliteremka mbio hata Deadvlei, bonde la udongo mweupe. Miti yake ilikufa yapata miaka 600 iliyopita, mchanga ulipoufungia mto Tsauchab njia. Imekuwa myeusi, wala haiozi kwa ukavu wa hewa. Chini ya mmojawapo, katika kivuli chembamba kama fimbo, tuligawana kile kikombe.