Mbwa anayekula kinyesi chake

Jamani wadau, leo niliseme jambo ambalo wenye mbwa wengi hulionea aibu. Kuna mbwa anayejisaidia, anageuka, anakula. Simba wetu ni mmojawapo. Kwa kuwa huwalamba watoto wa dada mikono, mzee ametoa kauli: tabia hiyo isipokoma, mbwa aondoke.

Majirani wana tiba zao. Mchape! Nyunyizia pilipili! Mimi nikaamua kusoma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Marekani, walichapisha majibu ya wenye mbwa waliowahoji. Asilimia 16 ya mbwa walikuwa na tabia hiyo, na wengi walipenda kinyesi kibichi, kisichozidi siku 2. Na zile dawa za dukani za kuikomesha? Zilifanikiwa kwa asilimia 0 hadi 2 tu!

Kwa hiyo dawa ni chepe. Akimaliza tu, mwite, mpe dagaa mmoja, kisha zoa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ashibe, apewe dawa ya minyoo, na kama ameanza ghafla ukubwani, aonwe na daktari wa mifugo. Fimbo humfundisha kitu kimoja: kumeza haraka kabla hujafika.

Zamu ya chepe nyumbani nimeichukua mimi, asubuhi na jioni. Watoto wasipoteze rafiki kwa sababu ya uchafu ambao mtu mzima anaweza kuuzoa kwa dakika moja.