Miezi Miwili ya Hofu

Kwetu ni Ruangwa. Nilichezwa unyago nikiwa na miaka 12, na kungwi wangu akanifunda usafi, adabu na namna ya kujisitiri siku za hedhi. Alinifunda vema, lakini sababu ya damu ile hakuitaja, nami sikuuliza, maana mwali haulizi.

Mwaka huu, tulipokuwa tukijiandaa kwa mtihani hapa Nachingwea, hedhi yangu ilikatika miezi miwili mfululizo. Bweni likaanza kunong'ona. Nilijua sikutenda lolote, walakini hofu haisikii hoja. Usiku sikulala, mchana sikula. Hata siku moja nikamwendea mwalimu wetu wa Baiolojia, machozi yakinilengalenga.

Hakunikaripia. Alinitia punje ya mbaazi kiganjani, akasema, "Mwanangu, chini ya ubongo wako ipo tezi yenye ukubwa huu, iitwayo pituitari. Hutuma homoni katika damu, nazo ni matarishi wake. Tarishi wa kwanza huzifikia ovari na kukomaza yai. Ovari nazo hutoa estrojeni, ambayo hutandika mji wa mimba kama kitanda cha mgeni. Estrojeni ikizidi sana, pituitari hutuma tarishi wa pili, na yai hutoka. Ndipo projesteroni hukilinda kitanda. Mgeni asipokuja, baada ya wiki mbili hivi projesteroni hushuka, kitanda hutanduliwa, na hiyo ndiyo hedhi."

"Mbona matarishi wangu hawakufika, mwalimu?"

"Pituitari ina mkubwa wake huko huko ubongoni. Mtu akizidiwa na wasiwasi, asile wala asilale, mkubwa huyo huzuia amri. Lakini ziko sababu nyingine pia. Twende hospitali tupate hakika."

Tukaenda. Nilipimwa, sikuonekana na mimba wala ugonjwa. Nikaambiwa nile vizuri na nilale. Mwezi uliofuata hedhi ikarudi.

Likizoni nilimsimulia kungwi wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimefunda wanawali miaka mingi, na hili la punje ya mbaazi nilikuwa silijui. Unyago ujao uje, uwaeleze wenzako."

Nitakwenda. Nanyi wenzangu wa bwenini, pamoja na wazazi wetu, nawasihi: msichana akikawia, msimhukumu kwa minong'ono. Mshikeni mkono, mmpeleke kwa daktari.